Mjazo wa boflo kwa kuku wa sikukuu, usiwe tope wala usikwame kooni

Ukimpasua kuku wa kujaza siku ya Idi na ndani ukakuta tope linalonata kwenye kijiko, tatizo limeanza kwenye mkate, uliingia na maji yake. Ukikuta mkavu unakwama kooni mpaka mtu aombe maji basi hapo mkate ulikaushwa sawasawa ila supu ilifanyiwa choyo. Mjazo mzuri ukiuteka unashikana, ukiutia mdomoni unaachana wenyewe, unasikia kitunguu, unasikia samli, zabibu inatokea moja moja na pale juu palipopigwa na moto panafanya ganda. Hapo ndo nataka tufike leo, kwa boflo letu hilihili la dukani na kwa jiko lolote ulilonalo, liwe la gesi, la umeme au la mkaa.

Najua wapo watakaosema mkate ndani ya kuku ni chakula cha Wazungu. Wamarekani ni kweli wanacho, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba wanapofanya sikukuu yao ya Thanksgiving wanampika bata mzinga na mjazo wa mkate mkavu, wao wanatia siagi, seleri na majani ya seji. Lakini kuku wa kujaza sie tunaye siku zote, wengine wanamjaza mayai ya kuchemsha na vitunguu, wengine mbatata, wengine wali, na kila anaepika kababu anajua boflo lililoroweshwa linavyoishika nyama. Kwa hiyo hakuna kigeni hapa, mkate wetu, viungo vyetu, tunabadilisha mahali pa kuutia tu.

Tuanze na mkate wenyewe maana ndo kila kitu.

Tumia boflo. Sio slesi. Slesi za paketi mara nyingi zina sukari na mafuta ndani, laini mno, zikipata supu zinayeyuka na ladha inaelekea kwenye utamu wa keki, na mjazo wa chumvi haupendi hivyo. Boflo ni unga, maji, hamira na chumvi, lina ganda la kutafuna na ndani lina matundu, na yale matundu ndo yanakunywa supu. Usilimenye ganda hata kidogo, wengi nawaona wanamenya wakidhani wanafanya kitu cha kistaarabu kumbe wanatupa sehemu yenye ladha na inayozuia mjazo kuwa tope. Mkate wa mofa pia unaweza kutia kidogo kwa ladha ila peke yake unakuwa mzito. Mkate wa ajemi hapana, mwembamba, hauna ndani.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi wanalichanganya. Mkate kulala sio mkate kukauka. Boflo la jana likiwa gumu mtu anasema si ndo limeshakauka, halijakauka, maji bado yamo humo ndani, kilichokuwa kigumu ni ule wanga wa unga umejipanga upya ukakaza, na ushahidi unao mwenyewe nyumbani kwako kwani boflo la jana ukilitia motoni kidogo si linalainika tena? Lingekuwa limekauka lisingelainika. Kwa hiyo ukichukua boflo la jana ukalikata ukalimwagia supu, unaongeza maji juu ya maji. Linatakiwa likaushwe kweli maji yatoke, alafu nafasi ile ya maji ndo iingie supu ya kuku yenye samli na viungo. Mkate unakuwa umekunywa ladha badala ya kuwa umelowa.

Kata boflo vipande vya kama sentimita mbili kila upande, au vichane kwa mkono kama unapenda mjazo wenye mabonge yasiyolingana, mie napenda kuchana maana zile kingo zenye miparuzo zinakaukia vizuri juu. Vitandaze kwenye sinia pana visipandane. Kama ni kiangazi na jua lipo, anika asubuhi, funika kawa nzi wasitue, geuza mara mbili tatu, alasiri viko tayari. Masika usijidanganye na jua, hewa ina unyevu mkate unakaa kutwa nzima na bado katikati ni laini, na boflo letu kwa joto hili siku mbili tatu tu linaota koga. Tia kwenye oveni moto mdogo wa sentigredi 120 kwa dakika 40 hadi 50 ukigeuza katikati, usisubiri rangi, unatafuta ukavu tu. Huna oveni, tumia kaango pana bila mafuta, moto mdogo kabisa, kidogo kidogo, kazi ndefu lakini inakubali. Kujua kama tayari chukua kipande kikubwa kuliko vyote ukivunje. Kikivunjika kwa sauti na ndani hakuna ulaini basi. Kikijikunja kabla ya kuvunjika kirudishe. Na ukiona kipande kina koga hata doa moja, mkate ule tupa wote, usikwangue, koga linakuwa limeshapita ndani kuliko unavyoliona juu.

Faida nyengine ya kukausha ni mwezi. Idi kubwa tunaijua siku kumi kabla, unajipanga kwa raha zako. Idi ndogo hii ya baada ya Ramadhani ndo yenye mtihani, usiku wa kuamkia tarehe 30 mtu umekaa na redio unasubiri tangazo la Mufti, mwezi ukiandama masoko ya Unguja, Darajani pote panafurika, Mwanakwerekwe hakupitiki, na Pemba, Chake na Wete nako hivohivo, wewe bado unatafuta boflo na mabofulo yamekwisha au yaliyobaki yametoka motoni saa ile. Kausha mkate kuanzia mwezi 25 au 26, uwache upoe kabisa kabisa (ukifunika ukiwa na joto unatoa jasho na kazi yote imeharibika) alafu tia kwenye kopo au ndoo yenye mfuniko unaokaza. Wiki nzima upo salama, mwezi uandame usiandame. Ukiuona umelegea siku ya kutumia upitishe tena motoni dakika kumi.

Vipimo sasa. Hivi vinatosha kuku mmoja wa kilo moja na nusu na treya ndogo ya pembeni, watu sita hadi wanane wenye vyakula vyengine mezani. Vikombe 8 vya boflo lililokaushwa, kikombe nakusudia kile cha mililita 250. Vitunguu maji viwili vikubwa. Thomu (kitunguu saumu) punje sita na tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, vitwangwe pamoja. Karoti moja ikwaruzwe, pilipili boga moja ikatwe ndogondogo. Pilipili mbichi kwa uwezo wa wenye nyumba. Samli vijiko vinne vya kulia, na hapa tafadhali iwe samli nzuri inayonukia, ukikosa tia siagi, mafuta ya kula yanapika lakini hayaleti kitu. Zabibu nusu kikombe, korosho nusu kikombe zikaangwe kwanza. Kotmiri fungu moja na majani machache ya nanaa. Mayai mawili. Supu ya kuku vikombe viwili, hutoitumia yote lazima lakini iwepo. Nusu ndimu. Viungo vya unga ni uzile (bizari nyembamba) kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, hiliki nne, karafuu tatu, na mdalasini robo kijiko. Chumvi tia kwa kuonja maana boflo lina chumvi yake na supu inayo pia.

Kwenye karafuu nisisitize. Hatuna sababu ya kuwa choyo wa karafuu sie, Pemba ipo hapo, ila kwa mjazo karafuu tatu zinatosha na lazima zisagwe. Kwenye pilau karafuu nzima mtu anaiona anaiweka pembeni ya sahani, kwenye mjazo inajificha ndani ya mkate, mtoto anaing'ata na hali tena. Mdalasini pia mdogo tu, ukizidi mjazo unaanza kunukia visheti. Uzile ndo uongoze. Ukitaka uwe mzuri zaidi ukaange mzima kwenye kaango kavu mpaka utoe harufu alafu usage palepale, uzile wa unga uliokaa kabatini tangu Idi iliyopita unakuwa vumbi tu.

Supu itengeneze kwa vitu vya kuku huyohuyo. Shingo, miguu, ncha za mabawa na firigisi, kipande cha tangawizi, kitunguu nusu, maji vikombe vinne, wacha ichemke taratibu mpaka ibaki nusu. Firigisi ikishaiva itoe uikate ndogo sana. Maini usiyachemshe, yakaange kwa samli dakika mbili tatu yakate nayo. Firigisi na maini vikiingia kwenye mjazo ndo watu wanauliza umetia nini humu. Kidonge cha supu kinaweza kusaidia kama huna muda lakini kina chumvi kali, ukikitumia usitie chumvi nyengine mpaka uonje.

Kwenye kaango, samli ikishayeyuka tia vitunguu maji na chumvi kidogo, moto wa wastani, na hapa usiwe na haraka. Hatutaki vitunguu vya rangi ya biriani, vile vya kukaushwa, tunataka vilainike viwe na utamu na vianze tu kugeuka rangi ya dhahabu, dakika 12 hadi 15 hivi. Kitunguu kikiingia nusu kibichi hakiivi tena ndani ya kuku maana kule ndani ni mvuke tu, utakisikia kinalia kwenye meno. Vikishalainika tia thomu na tangawizi, koroga dakika moja, tia karoti na pilipili boga, alafu viungo vya unga, koroga mpaka harufu ipande, tia zabibu zivimbe kidogo na samli, tia firigisi na maini, kamulia ndimu, epua. Onja sasa hivi. Mchanganyiko huu inabidi uwe na chumvi na viungo kuzidi kidogo unavyotaka, kwa sababu unakwenda kulisha vikombe vinane vya mkate usio na kitu.

Mimina juu ya mkate kwenye bakuli kubwa, tia kotmiri na nanaa zilizokatwa na korosho, geuzageuza kwa mikono mpaka kila kipande kipate samli. Samli itangulie kabla ya supu, usigeuze mpango huu, samli inafunika kingo za mkate kidogo hivyo supu inaingia taratibu na haiuvunji. Piga mayai mawili kwenye kikombe kimoja cha supu ya uvuguvugu, ikiwa ya moto mayai yanaganda, nyunyizia ukigeuza. Alafu ondoka. Dakika kumi usiuguse. Mkate mkavu unachelewa kunywa, ukiutazama mara ya kwanza utaona bado mkavu utaongeza, ukirudi umeshakuwa tope. Baada ya dakika kumi fumbata konzi moja mkononi, ushikane ukifumbata na ukifumbua uachane wenyewe, na kati ya vidole usitoke maji. Kama unavunjika unga unga ongeza supu vijiko vitatu vine, subiri tena, jaribu tena. Unaokwenda ndani ya kuku uuwache hapo kwenye ukavu kidogo kwani kuku atautilia maji yake akiwa motoni. Unaokwenda kwenye treya ongezea nusu kikombe cha supu zaidi, ule hauna wa kuutilia maji.

Kuku. Kama ni wa barafu mtoe kwenye friza siku nzima kabla, ayeyukie ndani ya friji, na siku ya kupika tia mkono ndani uhakikishe hamna bonge la barafu limebaki, maana ukimjaza akiwa na barafu nje anaungua ndani mjazo unakuwa mbichi. Kuku wa kienyeji ana ladha mara mbili lakini nyama yake ngumu na kifua kidogo, kama ndo huyo basi mchemshe kwanza kwa moto mdogo na thomu na chumvi mpaka aanze kulainika, poza, ndo umjaze, na supu yake ndo utumie. Kuku wa kisasa hahitaji kuchemshwa. Msafishe kwa ndimu kama kawaida yako, mkaushe kwa kitambaa safi nje na ndani, ngozi ikiwa na maji haikauki rangi. Mpake thomu, tangawizi, chumvi, pilipili manga, bizari ya manjano kidogo na mtindi vijiko viwili, na mkono upite mpaka chini ya ngozi ya kifua. Hii ya kumpaka unaweza kuifanya usiku wa kuamkia sikukuu, akalala kwenye friji.

Ila kumjaza usiku hapana, hili naomba mlishike. Mjazo umetoka jikoni una uvuguvugu, una mayai, unaingia ndani ya kuku mbichi, hata umtie friji katikati haipoi upesi na vijidudu vinazaliana usiku kucha. Mkate wako ulale peke yake kwenye kopo, kaango la vitunguu lilale kwenye friji, kuku alale na viungo vyake, asubuhi vikutane na moja kwa moja motoni. Watu wakienda kuswali Idi wewe unachanganya, wakirudi wakinywa chai na tambi na mkate wa kumimina kuku ameshaingia, mchana unapakua.

Jaza kwa kulegeza. Kuku wa kilo moja na nusu anabeba vikombe viwili na nusu hivi, vitatu mwisho, ukishindilia mkate hauna pa kuvimbia unakuwa bonge na moto haufiki katikati. Kinachobaki chote kinakwenda treya. Funga tundu kwa kushona na uzi mweupe wa pamba na sindano nene, au pitisha vijiti vya mshikaki viwili vitatu, kisha funga miguu pamoja. Uzi wa nailoni usitumie unayeyuka.

Mwenye oveni, washa 180 mapema ishike moto, mtie kuku kifua juu, funika foili saa ya kwanza, alafu fungua umpake samli iliyochanganywa na mtindi kidogo umwache apate rangi, jumla kama saa moja na dakika 40, aliyejazwa anachukua muda kuliko mtupu hivyo usipime kwa kuku uliyemzoea. Kumjua ameiva chomea kisu kwenye unene wa paja, maji yatoke meupe bila wekundu. Hiyo ni nyama. Mjazo nao upimwe, chomea kisu kupita kwenye tundu mpaka katikati, hesabu mpaka kumi, kitoe ukiguse, kiwe cha moto wa kuunguza. Mwenye kipima joto cha jikoni asome sentigredi 74 katikati ya mjazo, chini ya hapo arudishe hata kama nyama imeiva, au autoe mjazo kwa kijiko auendeleze kwenye treya.

Mwenye mkaa asijione amekosa. Moto wa juu na chini unafanya ganda ambalo oveni nyingi za mjini hazilifanyi, na waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 umeme ulipokatika miezi mitatu wanakumbuka vizuri kila kitu kilivyopikika kwa mkaa. Chukua sufuria nzito yenye kitako kinene na mfuniko wa bapa, chini tandaza vitunguu maji vya duara na mbatata zilizokatwa nene ili kuku asiguse kitako, mimina nusu kikombe cha supu, mpange kuku juu yake. Chini makaa machache yaliyokwisha kushika jivu jeupe, juu ya mfuniko palia makaa mengi zaidi, theluthi mbili ya moto uwe juu. Saa ya kwanza usifunue funue, kila ukifunua joto lote limetoka na jivu linaingia. Baada ya hapo angalia kila dakika 20, makaa ya juu yakizimika ongeza, supu ya chini ikikauka nyunyizia maji ya moto. Hesabu saa mbili. Mbatata za chini zitakuwa zimekunywa mafuta yote ya kuku, hizo ndo watu wanagombania.

Ule wa treya. Paka samli chini, mimina mjazo usishindilie, juu urembe vidonge vya samli, funika foili dakika 25 kwenye moto huohuo wa 180 alafu funua dakika 15 mpaka 20 upate ganda. Kwa mkaa tumia sufuria ndogo ya bapa na mtindo uleule wa moto juu. Na nikwambie ukweli, kama una wageni wengi na huna uzoefu, au ndo bi harusi mpya Idi yako ya kwanza ukweni na mama mkwe anakutazama mikono, usimjaze kuku kabisa. Pika kuku wako mtupu na mjazo wote uende treya, kuku anaiva upesi, mjazo unaiva sawa, ganda linakuwa kubwa. Mpange kuku katikati ya sinia na mjazo umzunguke, pamba kwa majani ya kotmiri na vipande vya ndimu. Unachokikosa ni ule mchuzi wa kuku unaoingia ndani ya mkate, na hilo unalitengeneza kwa kuchota mafuta na maji yaliyotoka chini ya kuku ukayamwagia juu ya treya dakika kumi za mwisho.

Akitoka motoni mwache apumzike dakika 15 kabla ya kukatwa, mchuzi urudi kwenye nyama. Kisha toa mjazo wote kwenye bakuli lake. Usimwache kuku na mjazo ndani amekaa mezani mpaka jioni wageni wakiingia na kutoka, tunavyokaa sikukuu mlango haufungwi, huyu kaja na watoto kutaka mkono wa Idi, yule kapita tu kusalimia, na chakula kipo wazi. Muda wa saa mbili ndo mwisho wa kukaa nje, na siku ya joto kali kuzidi sentigredi 32 fanya muda wa saa moja. Pakua unachohitaji, kilichobaki friji.

Mjazo huu unakwenda na pilau lakini mie naona pilau na mkate ni wanga juu ya wanga, viungo vinagombana. Bora uende na kachumbari ya tungule na vitunguu yenye ndimu nyingi, achari ya embe au ya ndimu, na mchuzi uliotokana na supu iliyobaki. Zabibu zinataka kitu kikali pembeni.

Kwa samaki pia unafaa, changu mkubwa aliyepasuliwa tumboni au nguru. Hapo punguza samli iwe nusu, toa maini na firigisi bila shaka, supu ibadilishe kwa tui zito nusu na maji nusu, ongeza pilipili mbichi na ndimu, zabibu usitie. Samaki anaiva haraka, dakika 35 hadi 40 kwa wa kilo moja, na mjazo ndani ya samaki ni mwembamba hivyo hauna taabu ya kuchelewa katikati. Tui kwa kuku silipendi, linaufanya mkate mzito na kuku ana mafuta yake.

Uliobaki sikukuu pili au tatu usiutie maikrowevu ukala umelegea. Uponde na uma, tia yai moja na kuku aliyechambuliwa, finyanga katlesi, chovya kwenye yai lililopigwa kisha kwenye chenga za boflo lililobaki kwenye kopo, kaanga kwa mafuta ya moto mpaka zigeuke rangi. Zinatakiwa ziliwe moto na pilipili ya ndimu, na kwenye friji mjazo unakaa siku tatu, ukipita hapo usiutumie.